Nguo, Uzi na Sindano: Somo la Kuchagua Vitu vya Kushonea Vilivyo Imara



Katika somo la mwezi huu twataka kueleza jambo lililo dogo machoni pa wengi, nalo ni jinsi ya kuchagua na kununua nguo, uzi na sindano za kushonea nyumbani. Watu wengi hujifunza kushona, bali wachache hujifunza kununua. Tena mkono wa fundi, hata ukiwa hodari namna gani, hauwezi kuipa nguvu nguo iliyooza, wala uzi uliokwisha kuliwa na jua.

Jambo hili si la anasa. Mzazi huuza kuku au debe la mahindi ili apate kitambaa cha sare ya mtoto mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa. Mshono ukifumuka mwezi wa Machi, fedha ya kununua sare nyingine haipo tena, naye mtoto huona haya kusimama mbele ya wenzake. Tena vipo vikundi vya kina mama vishonavyo mashuka, magauni na joho za kwaya ili kuuza. Kikundi kikiuza vazi ambalo mshono wake hautimizi miezi miwili, mnunuzi harudi, na habari hiyo huenea upesi kuliko tangazo lolote. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kushona asilipite somo hili mbio mbio.

Neno kuu la somo

Nguo, uzi na sindano huchaguliwa pamoja, kila kimoja kwa kipimo cha mwenzake. Nguo hutangulia, uzi hufuata nguo, sindano hufuata uzi pamoja na nguo. Anayenunua uzi mmoja na sindano moja kwa kazi zote, huyo ataharibu kazi nyingi.

Tena iko kanuni moja ambayo mafundi wazuri huishika: uzi na uwe na nguvu ya kutosha, lakini usiizidi nguo kwa nguvu. Sababu yake ni hii. Vazi likivutwa kwa nguvu, hapana budi kitu kimoja kikatike. Ukikatika uzi, mshono hushonwa tena jioni ile ile, na vazi huwa kama zamani. Lakini uzi ukiwa mgumu kama waya katika nguo nyepesi, nguo yenyewe ndiyo ichanikayo kando ya mshono, na hapo dawa yake ni kiraka tu. Basi anayesema, "Nipe uzi ulio mgumu kuliko yote," hajachagua bado.

Kuhusu nguo

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said, aliyetawala Omani na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts zikaleta nguo ya pamba isiyopaushwa, iliyo ngumu. Nguo hiyo ikaitwa amerikani, na jina hilo limedumu hata leo. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba wanunuzi wa bara walikuwa wateuzi sana wa nguo, na mfanyabiashara aliyeleta namna isiyotakiwa alirudi na mizigo yake. Kisha, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, tangu 1861 hata 1865, pamba ilikuwa haba, na viwanda vingi vya Lancashire, huko Uingereza, vikazidisha wanga na udongo mweupe katika nguo ili zipate uzito. Nguo ya namna hiyo huonekana nene dukani, nayo ikifuliwa hubaki nyepesi kama chujio. Hila ile haijaisha duniani. Kwa hiyo na tuzipime nguo kwa njia nne: kwa macho, kwa mkono, kwa maji, na kwa moto.

1. Kwa macho. Inua nguo uitazame mbele ya mwanga, mlangoni au dirishani. Nguo ina nyuzi za namna mbili: mtande, ndizo nyuzi ziendazo kwa urefu wa jora, na mshindio, ndizo zipitazo kwa upana. Nyuzi hizo zikiwa zimekaribiana na kulingana, nguo ni nzuri. Ukiona mianya, mafundo, au mahali palipo panene na pengine pembamba, iache. Kisha tazama kama mshindio unakata mtande sawasawa kama pembe ya meza. Ukiwa umelala upande, vazi litajipinda baada ya kufuliwa, na mshono wa ubavuni utahamia tumboni. Katika nguo za maua au mistari angalia pia kama chapa yenyewe imefuata nyuzi, kwa maana chapa iliyokwenda upande haina dawa. Geuza na upande wa nyuma. Kitenge kilichotiwa rangi kwa nta halisi huonyesha rangi karibu sawa pande zote mbili. Kile ambacho rangi yake iko juu tu hupauka mapema.

2. Kwa mkono. Kamata pembe ya nguo, uisugue kwa vidole vyako kama mtu afuaye. Vumbi jeupe likianguka, na pembe ile ikalegea kuliko nguo iliyobaki, ujue ya kuwa unauziwa wanga. Kisha shika nguo kwa mikono miwili, vidole gumba vikikaribiana, uibonyeze na kuivuta. Kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Nyuzi zikisogea na kuacha njia, mshono hautashika hapo, hata ukishona mara mbili. Mwisho ikunje kwa nguvu katika kiganja, uhesabu polepole hata kumi, uiachilie. Nguo ya pamba itakuwa na makunyanzi, nayo si kosa lake. Lakini mikunjo ikiacha mistari myeupe, rangi haikuingia ndani.

3. Kwa maji. Hapa ndipo wengi hupata hasara. Nguo ya pamba hurudi, yaani hupungua urefu na upana, inapofuliwa mara ya kwanza. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 9, mna mfano wa kiraka kipya kitiwacho katika vazi kuukuu, na jinsi kiraka kinavyoliharibu vazi. Kila mshonaji aujua ukweli wake: kiraka ambacho hakijafuliwa hurudi, nayo nguo ya zamani hairudi tena, basi huchanika pembeni. Ndiyo sababu twasema, loweka nguo na kuifua kabla ya kuikata.

Nawe ukitaka kununua nguo nyingi, nunua kwanza kipande kidogo. Kikate kiwe sentimita 20 kwa 20, ukiloweke katika maji ya moto, ukifue kwa sabuni, ukianike, ukipige pasi, ukipime tena. Kama urefu umekuwa sentimita 19, nguo imepungua sehemu 5 katika 100. Basi mita 3 zitakuwa mita 2 na sentimita 85, na anayehitaji mita 3 kamili sharti anunue mita 3 na sentimita 16. Vivyo hivyo pande la kitenge la yadi 6, lenye urefu wa mita 5 na sentimita 49, litabaki kama mita 5 na sentimita 21. Asiyefanya hesabu hiyo hukata gauni la mtu mzima na kuliona limekuwa la binti. Katika maji yale yale tia na kipande cha kitambaa cheupe. Kikitoka kimetiwa rangi, nguo yachuja. Usiishone pamoja na kola nyeupe.

4. Kwa moto. Maduka ya leo, kuanzia Kariakoo hata gulio la kijijini, yana nguo nyingi zisizo za pamba. Mwaka 1941 Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walipata hati ya kutengeneza nyuzi za poliesta, na baadaye nyuzi hizo zikaenea ulimwenguni kote. Kwa macho tu si rahisi kuzitambua. Basi chomoa nyuzi chache za mtande na chache za mshindio, uzishike kwa koleo juu ya kisahani chenye maji kidogo, uziwashe kwa kiberiti. Fanya hivyo nje, mbali na watoto na mbali na nguo nyingine. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini ya kijivu. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta na nailoni huyeyuka, na zikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika. Nguo iliyochanganywa huwaka kama pamba, lakini huacha punje ngumu ndani ya majivu.

Lakini mtu asidhani ya kuwa nguo iliyochanganywa ni mbaya. Kila namna ina kazi yake. Pamba hunywa jasho na kustahimili pasi kali, nayo yafaa kwa nguo za ndani, za watoto wachanga, na za nchi ya joto. Iliyochanganywa na poliesta hukauka upesi, hairudi sana, na hustahimili kusuguliwa. Ndiyo sababu sare nyingi za shule hushonwa kwa hiyo. Ubaya ni kuuziwa moja kwa bei na jina la nyingine.

Asiye na fedha ya nguo mpya aweza kununua mitumba. Shuka kubwa au shati pana la mwanamume lina nguo ya kutosha kwa gauni la mtoto, nayo imekwisha kufuliwa mara nyingi, basi haitarudi tena. Ila sharti itazamwe mbele ya mwanga, hasa mabegani, viwikoni na katikati ya shuka, mahali panapochakaa kwanza.

Kuhusu uzi

Uzi mzuri hujulikana kwa alama tano.

Kwanza, usawa. Vuta kiasi cha mita moja, uupitishe polepole kati ya vidole. Ukikutana na mafundo na manyoya mengi, uzi huo utakwama katika tundu la sindano na kukatika.

Pili, kusokotwa. Fungua ncha yake kwa kuizungusha kinyume, uhesabu nyuzi ndogo zilizomo. Uzi wa nyuzi mbili wafaa kwa nguo nyepesi na za kadiri. Uzi wa nyuzi tatu ni wa mviringo zaidi, nao hustahimili zaidi. Katika vibandiko vingi utaona nambari kama 40/2 au 50/3. Nambari ya kwanza yaonyesha wembamba wa kila uzi mdogo, na kadiri nambari izidivyo ndivyo uzi uwavyo mwembamba. Nambari ya pili yaonyesha ni nyuzi ngapi zilizosokotwa pamoja.

Tatu, nguvu. Zungusha uzi katika vidole vya mikono miwili, uuvute kwa ghafula. Uzi mzima hutoa sauti ya kukatika. Uzi uliooza huachana kimya kimya, kama uji mzito. Jihadhari na uzi uliokaa dirishani mwa duka, kwa sababu jua hula nyuzi. Ukiona upande mmoja wa rili umepauka kuliko mwingine, usiununue, hata bei ikipunguzwa.

Nne, rangi. Lowesha ncha ya uzi kwa maji ya sabuni, uisugue juu ya kitambaa cheupe. Uzi mwekundu unaochuja huweza kuharibu shuka nzima kwa siku moja. Rangi ikikosa kulingana na nguo kabisa, chagua iliyoiva zaidi kidogo, maana uzi mmoja ukiisha kushonwa huonekana mweupe kuliko unapokuwa katika rili.

Tano, urefu. Soma kibandiko kama kimeandikwa yadi au mita. Yadi 1,000 ni mita 914 tu. Rili mbili zilizo sawa kwa ukubwa zaweza kuwa na uzi usiolingana, maana nyingine ina kijiti kinene ndani. Tena ujue ya kuwa cherehani, kwa kuwa hutumia uzi wa juu na wa chini, huchukua kama mita mbili na nusu hata tatu za uzi kwa kila mita moja ya mshono.

Je, ni uzi gani bora, wa pamba au wa poliesta? Uzi wa pamba hupendana na nguo ya pamba, hustahimili pasi ya makaa, na ukilowa hauwi dhaifu bali huongezeka nguvu. Wa pamba ulio bora ni ule uliopitishwa katika magadi makali ya kiwandani. Kazi hiyo ilianzishwa na John Mercer wa Lancashire, aliyepewa hati yake mwaka 1850. Uzi wa namna hiyo, ukitiwa dawa huku umevutwa, hung'aa, hushika rangi, na kuwa imara. Uzi wa poliesta, kwa upande wake, una nguvu zaidi kwa unene ule ule, hauozi kwa unyevu, haurudi, tena huvutika kidogo. Wafaa sana kwa sare, suruali na nguo zilizochanganywa. Lakini pasi kali mno huweza kuuyeyusha, na pasi ya makaa haina kipimo cha moto. Basi anayeutumia aijaribu pasi yake kwanza juu ya kitambaa kibovu.

Ziko nyuzi nyingine zinazong'aa kama hariri, nazo huitwa rayoni. Hizo ni za kutarizi. Zikilowa maji hupoteza nguvu nyingi, basi hazifai kabisa kwa mshono wa kubeba vazi. Mnunuzi huvutwa na mng'ao wake, na baada ya kufua mara tatu mkono wa gauni huachana na bega.

Kuhusu sindano

Sindano ndiyo iliyo rahisi kuliko vyote, nayo ndiyo inayoharibu kazi nyingi kwa sababu hudharauliwa. Kwanza, jihadhari na nambari. Katika sindano za mkono, nambari ikizidi, sindano huwa nyembamba zaidi: nambari 1 ni nene, nambari 10 ni nyembamba. Katika sindano za cherehani mambo yamegeuka: nambari ikizidi, sindano huwa nene zaidi. Juu ya pakiti ya sindano za cherehani huandikwa nambari mbili, kama 90/14. Ile 90 maana yake unene wake ni sehemu 90 katika 100 za milimita moja. Na 14 ni hesabu ya zamani ya kipimo kile kile. Asiyejua tofauti hiyo huomba "sindano kubwa" na kupewa isiyo yake.

Ukienda dukani, chukua sindano yako ya zamani. Sindano za cherehani za nyumbani kwa kawaida zina shina lililo bapa upande mmoja. Za cherehani za kiwandani zina shina la mviringo. Zikibadilishwa, hazitakaa, au zitaruka mshono. Na kabla hujaitoa ya zamani, tazama upande bapa umeelekea wapi, ili ile mpya uitie vivyo hivyo.

Ili kuijaribu sindano, pitisha ncha yake taratibu juu ya ukucha. Ikikwaruza, ncha imepinda. Ilaze juu ya kioo. Ikiwa imenyooka, mwanga chini yake utakuwa sawa tangu mwanzo hata mwisho. Pitisha uzi katika tundu lake na kuuvuta huku na huku mara kumi. Uzi ukitoa manyoya, tundu lina makali. Sindano ya namna hiyo hukata uzi ulio mzuri, na mshonaji humlaumu mwenye duka bure.

Sasa wajuaje kama uzi na sindano vyapatana? Tunga sindano ya cherehani kwa uzi wa urefu wa sentimita 30 hivi. Shika uzi kwa mikono miwili, umeinama kama paa la nyumba. Sindano ikiteremka yenyewe, vyapatana. Ikikwama, uzi ni mnene kwa tundu lile. Chukua sindano iliyo nene zaidi au uzi ulio mwembamba zaidi.

Kwa fulana na nguo nyingine zilizofumwa zivutikazo, nunua sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi kando badala ya kuzikata. Fulana iliyoshonwa kwa sindano kali hupata vitundu vidogo kando ya mshono, navyo hukua kila ifuliwapo.

Jinsi ya kuvilinganisha

Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya, wanafunzi wayanakili:

Nguo nyepesi, kama melimeli na bafta: uzi mwembamba, kama 60/2 au 50/2, sindano ya cherehani 70/10 au 75/11, ya mkono nambari 9 au 10.

Nguo za kadiri, kama kanga, kitenge, shuka na shati: uzi 40/2 wa poliesta au 50/3 wa pamba, sindano 80/12 au 90/14, ya mkono nambari 7 au 8.

Nguo nzito, kama kaki na jinzi: uzi mnene, kama 30/3 au 20/2, sindano 100/16, ya mkono nambari 4 au 5, pamoja na kastabini ya kukinga kidole. Penye tabaka nyingi, kama pindo la jinzi, tumia sindano 110/18.

Hizi ni kanuni za kuanzia. Kabla ya kushona vazi, shona kwanza juu ya kipande cha nguo ile ile, kilichokunjwa mara mbili, kisha kivute kwa nguvu. Mshono ukilegea au nguo ikikunjamana, rekebisha mkazo wa uzi kabla ya kulaumu uzi wenyewe.

Hesabu ya bei

Watu husema, "Mimi ni maskini, lazima ninunue kilicho rahisi." Na tuhesabu. Tuseme kitambaa na uzi wa sketi ya shule vyapatikana kwa shilingi 12,000, na sketi hiyo hudumu miezi 6. Kila mwezi umegharimu shilingi 2,000. Tuseme vingine vyapatikana kwa shilingi 18,000, na sketi yake hudumu miezi 18. Kila mwezi umegharimu shilingi 1,000 tu. Aliyenunua cha rahisi amelipa mara mbili, tena ameshona mara tatu. Kwa hiyo usiulize tu, "Mita moja ni bei gani?" Uliza pia, "Itavaliwa muda gani?"

Lakini twajua ya kuwa mwenye shilingi 12,000 hana 18,000, na hesabu haimwongezei fedha mfukoni. Huyo afanyeje? Kwanza, asipunguze katika uzi na sindano, kwa sababu hizo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya vazi, nazo ndizo zishikazo sehemu kubwa. Pili, aache vifungo vya mapambo na lesi, fedha hiyo aiongeze katika nguo. Tatu, aache upindo mpana chini na akiba ya nguo katika mshono wa ubavuni, ili vazi lifunguliwe mtoto akikua. Nne, ajiunge na wenzake. Watu kumi wakinunua jora moja na boksi moja la uzi, mara nyingi hupata bei iliyo nafuu kuliko kila mtu akinunua peke yake. Ila wawe na daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Utunzaji

Uzi na ukae katika kopo lenye kifuniko, mbali na jua. Sindano zihifadhiwe katika kipande cha sufu au flaneli chenye tone la mafuta ya cherehani, hasa pwani, ambako hewa ya chumvi huleta kutu upesi. Zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Iliyovunjika itafutwe vipande vyake vyote, kwa ajili ya miguu ya watoto. Sindano ya cherehani ibadilishwe baada ya kushona kama saa nane za kazi, hata ikiwa haijavunjika. Na mshono ukianza kulegea ushonwe siku ile ile, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena kwa wale washonao kwa ajili ya wengine, neno moja. Mteja haoni uzi uliotumia. Huona rangi tu na kukata kwako. Udhaifu wa uzi utajulikana baadaye, wewe ukiwa umekwisha kulipwa. Basi mwambie wazi ni nguo ya namna gani na uzi wa namna gani, na kama fedha yake haitoshi kwa kilicho imara, mweleze kabla ya kukata. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 9, twasoma habari za Dorkasi, na jinsi wajane walivyoyaonyesha mavazi aliyoyashona baada ya yeye kufa. Mavazi yale yalionyeshwa bila haya, wala mwenye kuyashona hakuwapo kuyatetea. Kazi ya mshonaji hupimwa hivyo.

Maswali ya kuulizana darasani

1. Kwa nini haifai uzi kuizidi nguo kwa nguvu?
2. Mtande ni nini, na mshindio ni nini? Waonyeshe katika kanga yako.
3. Kipande cha sentimita 20 kimefuliwa kikabaki 18. Nguo imepungua sehemu ngapi katika 100? Mita 4 za nguo hiyo zitabaki ngapi?
4. Utajuaje nguo ya pamba na nguo ya poliesta kwa moto?
5. Sindano ya mkono nambari 10 na sindano ya mkono nambari 5, ipi iliyo nene? Na sindano za cherehani, 70/10 na 100/16 je?
6. Kila mmoja alete rili moja ya uzi kutoka nyumbani kwake, aijaribu kwa alama tano mbele ya wenzake, kisha aseme kama angeinunua tena.